Hesabu Miguu

Thomas Belt alikuwa mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu huko Nicaragua. Mwaka 1874 alichapisha kitabu kuhusu maisha yake kule, na ukikisoma utadhani dhahabu ilikuwa kibarua cha pembeni, maana ndege, miti na wadudu ndio waliojaza kurasa. Humo anamtaja mdudu mmoja aliyemdhania kuwa sisimizi anayechoma. Alipomuua ndipo alipogundua kwamba ni buibui, na kwamba hakukuwa na mwiba wa kuogopa.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kwa sababu ya mpangilio wake: aliogopa, akaua, akajua. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na siku nyingi huwa nimeinamia karatasi za watu waliokuja Afrika Mashariki kuandika orodha ya vilivyopo. Mpangilio huo naukuta kila mara. Kitu kinakuwa maarifa baada ya kufa, kikishatiwa kwenye chupa ya spiriti na kubandikwa lebo. Buibui wanaoiga sisimizi wamenifundisha kwamba njia hiyo ina mipaka, na kwamba watu waliowafahamu vizuri ni wale waliokubali kukaa na kuwatazama wakiwa hai.

Kwanza tuwatambue. Sisimizi ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu, kiuno chembamba na papasi mbili zilizokunjika kama kiwiko. Buibui ana miguu minane, mwili wa sehemu mbili, na papasi hana kabisa. Anayeiga inabidi azibe pengo hilo lote kwa mwili alio nao. Wengi ni buibui warukaji, na kundi lao mashuhuri linaitwa Myrmarachne, jina lililoundwa mwaka 1839 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, sisimizi na buibui. Kifua chao kimebanwa katikati hadi kinaonekana kama kichwa na kifua. Sehemu ya nyuma imerefuka na kuacha kiuno. Miguu ya mbele huinuliwa na kutikiswa hewani, nayo inageuka papasi.

Mwendo nao umeigwa. Buibui mrukaji wa kawaida hutulia, huruka, kisha hutulia tena. Huyu hutembea muda wote kwa kupinda huku na huku, kama sisimizi anayefuata harufu njiani. Kwa zaidi ya karne moja ilisemwa kwamba anatembea kwa miguu sita na kuinua miwili. Mwaka 2017 Paul Shamble na wenzake huko Marekani walichapisha walichokiona kwa kamera za kasi kubwa: buibui hutembea kwa miguu yote minane, kisha husimama kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, akainua ile ya mbele, akaendelea. Jicho letu halishiki kituo hicho. Tunaona papasi kwa sababu hatuna kasi ya kuona kitu kingine. Miguu minane ilikuwepo siku zote.

* * *

Kwetu ni Mkata, wilaya ya Handeni, pale mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanapopita katikati ya Chalinze na Segera, na barabara ya kwenda Handeni mjini inapochepuka. Abiria wengi wanapajua kwa machungwa na viroba vya mkaa vilivyopangwa kando ya lami. Mjomba wangu ana shamba la michungwa mwendo wa nusu saa kutoka barabarani. Nilikaa kwake wakati wa likizo nikiandika pendekezo la utafiti wangu, na mchana nikichoka na karatasi nilikwenda kukaa chini ya miti.

Kwenye ile michungwa kuna maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Ukishaumwa mara moja hutauliza tena jina lao lilitoka wapi. Kwenye shina la mti wa mwisho, uliokaribia kufa, kulikuwa na msafara wa sisimizi wadogo weusi wakipanda na kushuka. Mtoto wa mjomba, wa darasa la tatu, alinyoosha kijiti na kuniambia, "Dada, huyu si mwenzao."

Nilimuuliza amejuaje.

"Mguse."

Nilimgusa kwa kijiti. Akajiachia kutoka kwenye shina, akabaki ananing'inia hewani kwa uzi mwembamba, kisha akaupanda tena uzi wake na kurudi juu. Sisimizi hana uzi. Yule mtoto hakuhesabu miguu wala hakutazama kiuno. Alimjua kwa kile anachokifanya akishtuliwa, na alikijua kwa sababu alikuwa na mchana mwingi wa kukaa pale akilinda machungwa dhidi ya tumbili.

Mjomba alitusikia. Yeye alikuwa na shauri jingine, kwani wachumaji wake walikuwa wakikataa kupanda miti yenye maji moto, au wakidai nyongeza. Alikuwa ameshaongea na mtu mwenye bomba la mgongoni aje kupiga dawa miti yote. Nilipomweleza kwamba dawa hiyo itamuua na yule buibui, alicheka kwa upole.

"Mwanangu," alisema, "buibui halipi ada."

Sikuwa na jibu la haraka, na ada aliyoisema ilikuwa pamoja na yangu.

* * *

Kutoka Mkata ukienda kaskazini hadi Segera, ukakata kuelekea Muheza na kupanda Usambara ya Mashariki, unafika Amani. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia pale mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa kuyahudumia mashamba ya walowezi: mikonge, kahawa, mpira, pamba. Mtaalamu wa wadudu alikuwa Julius Vosseler, na ajira yake ilihusu vile vinavyokula mazao, wakiwemo nzige walioivamia Usambara mwaka 1903 na 1904.

Lakini Vosseler alishughulika pia na mdudu ambaye hakuwa na faida wala hasara kwa mlowezi yeyote. Mwaka 1883, Carl Brunner von Wattenwyl wa Vienna alikuwa amempa jina mdudu wa jamii ya senene aliyetoka Sudan: Myrmecophana fallax. Mdudu huyo alifanana na sisimizi kiasi cha kushangaza. Kiuno chembamba hakuwa nacho, tumbo lake lilikuwa nene kama la senene yeyote, ila lilikuwa na mabaka meupe pembeni. Ukitazama kwa mbali, weupe unapotea kwenye mwanga, na weusi unaobaki una umbo la kiuno. Kiuno chake kilikuwa kimechorwa. Brunner alimfungulia ukoo wake mwenyewe, na kwa miaka mingi alitajwa kama mfano mmoja wa ajabu wa uigaji.

Pale Amani, Vosseler aliwafuga wadudu wa namna hiyo. Aliwalisha, akangoja. Walijivua ngozi, wakakua, wakajivua tena, na kadiri walivyokua usisimizi ulipungua. Mwishoni walitoka wakiwa wa kijani, wenye mabawa mapana yanayofanana na majani, na wataalamu walikuwa na jina lao tayari: Eurycorypha. Yule mdudu wa ajabu aliyepewa ukoo wa peke yake alikuwa mtoto wa mdudu mwingine aliyekwisha kujulikana. Utotoni anajificha kwa kufanana na sisimizi. Akiwa mkubwa kupita sisimizi yeyote, anajificha kwa kufanana na jani. Vosseler alichapisha matokeo hayo kabla ya mwaka 1910.

Huyu si buibui, lakini kisa chake kinafaa kuwekwa karibu na cha Belt. Brunner alikuwa mtaalamu hodari. Alichokosa ni muda wa kuwa na mdudu aliye hai, kwa sababu mdudu aliyekaushwa hakui. Ukimchoma pini akiwa mtoto, atabaki mtoto milele, na wewe utaandika kwa uaminifu kabisa kwamba ndivyo alivyo.

Wanahistoria tunalo tatizo hilohilo, tena bila pini. Ninaposoma ripoti za taasisi za kikoloni, ninakutana na wenyeji waliokaushwa katika hali moja: kibarua, mpagazi, mtoto wa kufagia banda. Mara nyingi wanatokea kama idadi au kama gharama. Ripoti inasema kweli kwa siku ile. Haisemi kibarua huyo alikuwa nani kabla ya kufika pale, alijua nini kuhusu msitu aliotumwa kuingia, wala aligeuka kuwa nani baadaye.

* * *

Majina ya kisayansi ya buibui hawa yanaweza kusomwa kama ramani ya Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1905 na 1906, Yngve Sjöstedt wa Sweden aliongoza msafara wa kukusanya wanyama na wadudu Kilimanjaro na Meru. Mikusanyo yake iligawiwa kwa wataalamu wa Ulaya, na buibui wakamfikia Roger de Lessert wa Geneva. Mwaka 1925, takriban miaka ishirini baada ya msafara, Lessert alitangaza Myrmarachne kiboschensis. Soma polepole, utaiona Kibosho imevaa tahajia ya Kijerumani na mkia wa Kilatini.

Mwaka 1978, Fred Wanless wa makumbusho ya taifa ya elimu viumbe mjini London alichapisha mapitio ya Myrmarachne wote wa Afrika kusini mwa Sahara waliojulikana wakati huo. Ni kazi ya kurasa zaidi ya 100, michoro kwa michoro, iliyofanywa kwa darubini na vielelezo vya kwenye chupa. Humo kuna Myrmarachne kilifi, Myrmarachne kitale, Myrmarachne uvira. Nilifurahi kuyaona majina ya vituo vya basi yakiwa ndani ya Kilatini. Kisha nikaanza kuuliza lebo ya kielelezo ina nafasi ya nini: mahali, tarehe, na jina la aliyekusanya, ambaye kwa kawaida ni kiongozi wa msafara. Aliyepanda mti, aliyejua kwamba yule si mwenzao, hana mstari wake.

Ninaandika haya bila kumdharau Wanless wala Lessert. Bila michoro yao hakuna ambaye angeweza kusema buibui wa Kilifi ni tofauti na wa Kitale. Ninachosema ni kwamba lebo ni chanzo cha historia kama vyanzo vingine, na kila chanzo kina kitu ambacho hakikuumbwa kukibeba.

Mfano wa karibu zaidi na kwetu ni Mkomazi, nyika iliyo kaskazini mwa milima ya Usambara na Upare. Ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi na kuchungia mle waliondolewa. Miaka ya 1990 ikaja programu kubwa ya utafiti wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza kwa kushirikiana na serikali ya Tanzania. Watafiti walipuliza dawa kwenye vilele vya migunga na kukusanya chini kila kilichodondoka. Anthony Russell-Smith alishughulikia buibui, na mwaka 2000 yeye na Wanda Wesołowska wa Poland walichapisha orodha ya buibui warukaji wa Mkomazi. Wengi hawakuwahi kuandikwa popote kabla ya hapo.

Orodha hiyo ni hazina, na mimi mwenyewe nimeitumia. Lakini mfuatano wa matukio haunitoki akilini. Waliokaa chini ya migunga hiyo kila siku na mifugo yao waliondolewa kwanza, ndipo orodha ya vilivyomo kwenye migunga ikaandikwa. Inawezekana hakuna mfugaji hata mmoja aliyewahi kujali buibui wa ukubwa wa punje ya mchele. Inawezekana pia kulikuwa na mtoto mwenye kijiti.

* * *

Kazi iliyobadilisha kabisa maarifa yetu kuhusu buibui hawa ilifanyika Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, katika kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mwaka 2002 buibui mmoja wa Mbita alipewa jina Myrmarachne melanotarsa, yaani mwenye nyayo nyeusi. Kisha Robert Jackson na Ximena Nelson, pamoja na wenzao, wakamtazama akiwa hai.

Buibui warukaji kwa desturi hukaa peke yao. Huyu wa Mbita huishi kwa makundi, vijumba vyao vya hariri vikiwa vimeunganishwa kwa utando, karibu na sisimizi weusi anaowaiga. Katika makala ya mwaka 2009, Nelson na Jackson walieleza kwamba kundi lenyewe ni sehemu ya uigaji. Wawindaji wanaoliogopa kundi la sisimizi hulikwepa na kundi la buibui hawa. Sisimizi mmoja unaweza kumpuuza. Sisimizi hamsini huwapuuzi.

Mwaka huohuo walieleza jambo la pili, baya zaidi. Buibui huyu hula mayai na watoto wa buibui wengine warukaji. Mama anayelinda kiota chake akimwona anakuja, huona sisimizi, na kwa kuwaogopa sisimizi huondoka. Kiota kinabaki wazi. Sura iliyokuwa ngao imegeuka kuwa funguo. Hakuna darubini ya London ambayo ingeweza kuligundua hilo katika chupa, kwa sababu ndani ya chupa hakuna mama wa kukimbia.

Tangu nisome makala hizo nimeacha kuuona uigaji kama uongo wa mtu mmoja. Unahitaji pande tatu: anayeigwa, anayeiga, na yule anayetazama akiwa na kumbukumbu ya kuumwa. Ndege au nyigu asiyewahi kujua ukali wa sisimizi hana sababu ya kumwogopa anayefanana naye. Na sisimizi wakitoweka, buibui anabaki amevaa sare ya jeshi lililovunjwa. Atatembea kwa kupindapinda, atainua miguu yake ya mbele, na watakaozaliwa baadaye wataona chakula tu.

* * *

Hapo ndipo nilipopata jibu la mjomba, na nililipata kwenye historia ya minazi na mikorosho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Michael Way alifanya utafiti Zanzibar juu ya maji moto na minazi. Nazi changa zilikuwa zikidondoka kabla ya wakati. Aliyezifyonza alikuwa mdudu mmoja wa jamii ya kunguni wa mimea, ambaye mwaka 1955 alipewa jina Pseudotheraptus wayi kwa heshima ya Way mwenyewe. Minazi iliyokaliwa vizuri na maji moto ilipona zaidi. Palipokuwa na sisimizi wa aina nyingine walioishi ardhini na kuwafukuza maji moto, hasara ilirudi.

Zaidi ya nusu karne baadaye swali lilelile liliulizwa kwenye korosho za Tanzania Bara. Mwaka 2013 Moses Olotu na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji moto wanapunguza madhara ya Pseudotheraptus huyohuyo na ya mbu wa mikorosho. Wadudu ambao wachumaji wanawachukia walikuwa wakifanya kazi ambayo mkulima anainunua dukani kwa chupa.

Nilimpelekea mjomba habari hiyo kama nilivyoipata, pamoja na upande wake mbaya: utafiti ule ulikuwa wa minazi na mikorosho, michungwa ni kitu kingine, na maji moto huwalinda wadudu gamba wanaofyonza miti kwa sababu wanapenda utamu wao. Sikutaka kumshinda kwa nusu ya habari. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali ambayo mimi sikuwa nimeyafikiria, kwa mfano kama chungu wanaweza kuzuiwa kwa majivu wakati wa kuchuma peke yake, ili wachumaji wapande na kushuka kisha miti irudishiwe wenyewe. Halafu akapiga hesabu yake. Alisema mistari miwili ya upande wa magharibi haitapigwa dawa msimu huu, ile yenye mti uliokaribia kufa ikiwemo. Iliyobaki itapigwa. Msimu ukiisha atahesabu machungwa ya kila upande, na idadi hiyo ndiyo itakayoamua.

Nilimwomba daftari la mauzo ambalo halijaisha. Kurasa za mbele zina bei za tenga kwa tenga, za miaka mitatu. Kurasa za nyuma nimezichora safu tano: tarehe, mti, sisimizi waliokuwepo, buibui aliyekuwa kati yao na alichokifanya. Safu ya tano ni ya jina la aliyemwona kwanza. Kwa sasa karibu yote ni jina moja, limeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa darasa la tatu.